Okteni ya Juu: Lori Litavuta Zaidi au Mfuko Utatoboka?

Ndugu madereva, mafundi, na ninyi wenye magari mnaolipa bili ya mafuta kila mwisho wa mwezi, tunawasalimu.

Swali mlilotuletea ni fupi: ukijaza petroli ya okteni ya juu, je, gari la mizigo litavuta vizuri zaidi na kwenda kilomita nyingi zaidi kwa lita? Jibu liko chini ya boneti, kwenye bango la kituo cha mafuta hulipati. Kuna injini ambayo hata ukiipa petroli ya magari ya mashindano haitajua kwamba imepewa. Kuna nyingine ambayo ukiipa okteni ya chini huku ikivuta trela mlimani kwenye jua kali, inalegea waziwazi hadi dereva anadhani klachi imeisha. Tutaeleza namna ya kujua yako ni ipi.

Kwanza wenye dizeli, maana ndio wengi kwenye malori makubwa. Ninyi habari ya okteni haiwahusu kabisa. Dizeli hupimwa kwa namba ya setani, na hizi mbili zinapingana: okteni hupima petroli inavyogoma kujiwasha yenyewe, setani hupima dizeli inavyowahi kujiwasha. Kiwango cha Ulaya cha EN 590 kinataka setani isiyopungua 51. Cha Marekani, ASTM D975, kinaridhika na 40. Setani ya juu husaidia injini kuwaka asubuhi ya baridi bila kutetemeka sana na bila moshi mweupe. Kilomita za kujivunia haikupi.

Na mtu akikushauri utie petroli kidogo kwenye dizeli "iwe nyepesi", mkatalie. Pampu ya komoni reli (bomba moja lenye shinikizo kubwa linalolisha nozeli zote) inasukuma mafuta kwa shinikizo la bar 1,600 hadi zaidi ya 2,000, na kinacholainisha vyuma vyake ni dizeli hiyohiyo. Petroli ikiingia, vyuma vinasagana, unga wa chuma unasafiri kwenye reli hadi kwenye nozeli, na mwisho wake ni kubadilisha pampu, reli na nozeli zote pamoja na kusafisha tangi. Ukigundua umejaziwa petroli kwa makosa, usifungue hata swichi, kwa sababu magari mengi yana pampu ndani ya tangi inayoanza kusukuma kabla hujapiga stata. Lisukumeni gari kando, tangi litolewe mafuta yote, ndipo mfikirie kuwasha.

Sasa petroli: pikapu, malori madogo, na yale makubwa machache yenye injini za V8.

Namba ya okteni inatokana na vimiminika viwili vya maabara. Iso-okteni imepewa 100 kwa sababu haigongi kirahisi, yaani hailipuki yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia; heptani imepewa 0 kwa sababu inagonga kwa kuguswa tu. Petroli ikiandikwa 95, maana yake ni kwamba inahimili sawasawa na mchanganyiko wa asilimia 95 ya iso-okteni na 5 ya heptani, ikijaribiwa kwenye injini maalumu ya silinda moja ambayo kompresheni yake, yaani kiasi inachobana mchanganyiko, hubadilishwa huku ikiunguruma. Basi, ni hilo tu. Katika jaribio hilo hakuna anayepima nguvu ya mafuta wala umbali yanaokufikisha. Lita ya petroli ina takriban megajuli 32 za nishati, iwe ya 91 au ya 95. Tena kama okteni imepandishwa kwa ethanoli, nishati inashuka: lita ya ethanoli ina kama megajuli 21 tu, hivyo petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli inapungukiwa na takriban asilimia 3. Unaweza kulipa zaidi, upate okteni zaidi, na bado uende kilomita pungufu. Wengi hawapendi kulisikia hili.

Angalieni pia mtego wa namba zenyewe. Sehemu nyingi za dunia pampu huandikwa RON, okteni inayopimwa injini ikiwa kwenye hali nyepesi. Marekani huandika wastani wa vipimo viwili, RON na MON (kipimo cha hali ngumu zaidi), ndiyo maana namba zao ni ndogo. Ile 87 yao ni kama 91 au 92 ya RON. Kwa hiyo kitabu cha pikapu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani kikisema 87, na pampu iliyo mbele yako imeandikwa 91 RON, uko sawa, usihangaike kutafuta kitu kikubwa zaidi. Kinyume chake ndicho cha hatari: gari la Ulaya linalodai 95 RON linahitaji kama 90 au 91 ya Marekani, na ukiwa huko ukaweka 87 kwa kudhani ni karibu sawa, umelishusha daraja.

Tuingie ndani ya silinda, maana hapo ndipo penye jibu. Pistoni inapanda, imebana hewa na petroli. Kabla haijafika juu kabisa, pengine nyuzi 20 au 30 za mzunguko wa krenki kabla, plagi inapiga cheche. Moto unaanzia pale kwenye plagi na kusambaa kama moto wa nyasi kavu unaosukumwa na upepo. Kule pembeni, karibu na ukuta wa silinda, kuna mchanganyiko ambao moto haujaufikia. Unazidi kubanwa na kupata joto. Ukihimili hadi moto ufike, pistoni inasukumwa chini kwa utaratibu. Ukishindwa kuhimili, unalipuka wote kwa mpigo mmoja, na mawimbi ya shinikizo yanagonga kuta za silinda mara elfu sita au saba kwa sekunde. Dereva husikia kri-kri-kri, kama kokoto zinazotikiswa kwenye kopo, hasa akiwa gia ya juu, spidi ya injini iko mizunguko 1,500 hadi 2,500 kwa dakika, na mguu umekandamiza mafuta mpaka mwisho. Ndiko kugonga.

Madhara yake fundi anayaona akifungua. Daraja jembamba la pistoni kati ya ringi ya kwanza na ya pili limekatika. Ukingo wa juu wa pistoni umeliwa, una vishimo kama chuma kilichopigwa mchanga. Gasketi ya silinda hedi imetoboka kati ya silinda na silinda. Na kabla hujafungua injini yote, toa plagi uiangalie kwa lenzi: ukiona vidoa vidogo vinavyong'aa juu ya kaure nyeupe, hiyo ni aluminiamu ya pistoni yako. Okteni ipo kwa ajili ya kuzuia haya. Ikishazuia, kazi yake imekwisha, na ziada yote inapita kwenye ekzosi bila kukufanyia lolote.

Injini za siku hizi zina masikio. Kwenye bloku imefungwa sensa ya kugonga, kipande kidogo kinachotafsiri mtikisiko kuwa umeme. Ikisikia kugonga, kompyuta ya injini inachelewesha cheche kwa nyuzi kadhaa papo hapo, kisha inairudisha taratibu, ikijaribu tena na tena. Kila nyuzi inayochelewa inapunguza nguvu inayofika kwenye krenki, na joto lililopaswa kusukuma pistoni linakwenda kuchoma ekzosi. Ikizidi, kompyuta inamwaga petroli ya ziada ili kupoza, na hapo ndipo gari linapokula mafuta. Kwa injini iliyopangiwa 95 lakini inalishwa 91, kurudi kwenye 95 kunaondoa hiyo adhabu. Dereva anaiona kama nguvu mpya, kumbe ni ileile aliyonunua na gari.

Hapa tuseme jambo ambalo mafundi wengi wanalikosea. Sensa ikifa, au waya wake ukikatika, kompyuta inachelewesha cheche moja kwa moja kwa kujihami. Gari halivuti, mwenye gari anaambiwa abadilishe petroli, anajaza ya bei ya juu, hakuna kilichobadilika. Someni kwanza kodi za hitilafu kwa skana, kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari: P0325 hadi P0334 zinahusu sensa hizi. Sensa inataka ikae chuma kwa chuma, bila washa ya kuongeza, bila kutu wala rangi chini yake, na bolti yake ikazwe kwa kipimo cha kitabu, ambacho kwa injini nyingi ni kama Nm (nyutoni-mita) 20. Ukiikaza kwa mkono wa kukisia, ama inakuwa kiziwi au inasikia kugonga kusikokuwepo.

Sasa injini zenyewe. Ile ya zamani ya kabureta na distributa (kigawa cheche), kompresheni ya 8 au 9 kwa 1, haina akili ya kurekebisha. Kama haigongi kwenye 91, ukiipa 95 hupati kitu. Inaweza kufaidi iwapo tu fundi ataisogeza mbele taimingi, yaani wakati wa kupiga cheche: funga mpira wa vakyumu wa distributa na uzibe, iache injini isilensi (iungurume bila kukanyagwa mafuta) ikiwa na joto la kawaida, ipime kwa taa ya taimingi, isogeze nyuzi 2 tu kwa wakati mmoja, kisha lipande mlima lenye mzigo. Likigonga, rudi nyuzi 2. Ila ujue umeshalifunga gari kwenye petroli hiyo: siku utakapokosa 95 njiani, litagonga.

Injini ya kisasa isiyo na tabo (turbo, feni inayoisukumia injini hewa), ambayo kitabu chake kinasema petroli ya kawaida, nayo hesabu yake ni rahisi. Chama cha waendesha magari cha Marekani, AAA, kilijaribu magari ya namna hii mwaka 2016 kikiyapa petroli ya kawaida na ya daraja la juu, na hakikuona faida ya maana kwa nguvu, ulaji wa mafuta wala moshi. Taimingi yake imeshafika kwenye ukomo uliowekwa kiwandani. Kompyuta haina mahali pengine pa kwenda hata ukiipa petroli bora namna gani.

Penye mjadala wa kweli ni pale kitabu kinaposema okteni ya juu "inapendekezwa". Mwaka 2017 AAA hao hao walijaribu magari ya kundi hilo. Kwa wastani ulaji wa mafuta uliboreka kwa asilimia 2.7 na nguvu kwa asilimia 1.4. Wastani huo unaficha tofauti kubwa: Cadillac Escalade, gari zito, lilipata asilimia 7.1 kwenye mafuta, na jingine dogo lilishuka kwa asilimia 1. Gari zito lenye injini kubwa iliyobanwa sana linafaidi. Jepesi linalotembea tupu mjini halifaidi. Ford kwa pikapu zake za tabo za EcoBoost inaruhusu 87 ya Marekani, lakini inashauri daraja la juu kwa kazi ngumu kama kuvuta trela na kwa hali ya joto. Ushauri huo una mantiki, kwa sababu tabo inasukuma hewa iliyobanwa na yenye joto, mzigo unaongeza shinikizo, jua linaongeza joto la hewa inayoingia, na vyote vitatu vinasukuma kuelekea kugonga. Mwenye pikapu ya tabo anaweza kabisa kutumia 91 akiwa tupu na 95 siku ya kuvuta trela. Si ubahili, ni matumizi.

Kitabu kikisema "lazima", hakuna mjadala.

Urefu wa nchi kutoka bahari nao unaingia. Kwenye mita 1,500 shinikizo la hewa limepungua kwa kama asilimia 15, kwa hiyo injini isiyo na tabo inabana hewa kidogo na kugonga kunapungua. Ndiyo sababu majimbo ya milimani Marekani yamekuwa yakiuza hata 85. Tabo inafidia ile hewa iliyopungua, hivyo mwenye tabo asijipe moyo, na anayejaza mlimani akashuka pwani na tangi lilelile akumbuke amebeba nini.

Kuna pia gari linalogonga na petroli haina kosa. Kabla ya kupanda daraja la mafuta, angalieni thamostati iliyokwama na rejeta iliyoziba, maana injini yenye joto kupita kiasi inagonga na petroli yoyote. Angalieni mpira wa vakyumu uliopasuka, pampu ya mafuta iliyochoka au nozeli iliyoziba, kwani mchanganyiko wenye petroli kidogo unapata joto zaidi. Valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini) iliyojaa masizi ikakwama imefungwa, plagi za moto kuliko zinavyotakiwa, kaboni iliyojengeka juu ya pistoni hadi kompresheni ikapanda yenyewe. Na dereva anayepanda mlima kwa gia ya nne badala ya ya tatu, huyo hata 98 haitamponya.

Kosa jingine liko kwenye petroli yenyewe, ikiwa imetiwa mafuta ya taa. Okteni ya mafuta ya taa ni ndogo sana, na kiasi kidogo tu kinatosha kushusha tangi zima. Dondosha matone mawili ya petroli kwenye karatasi nyeupe ya chujio, subiri dakika chache. Petroli safi inakauka bila kuacha alama; ikibaki doa la mafuta, kuna kitu kizito ndani. Mwenye haidromita apime uzito: petroli ya kiwango cha Ulaya iko kati ya kilo 720 na 775 kwa mita ya ujazo kwenye nyuzi 15 za Selsiasi, na mafuta ya taa yako karibu na 800. Msisahau kusahihisha kwa joto la siku hiyo, la sivyo mtamshtaki mtu asiye na hatia.

Kuhusu chupa za kuongeza okteni, soma kibandiko kwa makini. "Pointi 30" kwa lugha ya wauzaji ni namba 3 tu za okteni, maana pointi moja ni 0.1. Yaani 91 yako huenda ikawa 94, ikiwa ahadi ni ya kweli. Baadhi zina ferosini, kemikali yenye chuma, ambayo huacha utando mwekundu wa chuma kwenye kaure ya plagi. Utando huo unapitisha umeme, na plagi inaanza kukosa cheche ukiwa kwenye mzigo. Na sabuni za kusafisha zinazotangazwa pamoja na petroli ya bei ya juu ni jambo tofauti na okteni. Ni vizuri kuwa nazo, lakini kwenye injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda hazigusi kabisa migongo ya valvu za kuingizia hewa, kwa sababu petroli haipiti hapo.

Tumalizie na hesabu, kisha kipimo. Chukueni pikapu yenye tangi la lita 80 inayokwenda kilomita 8 kwa lita ikiwa na mzigo. Tangi moja, kilomita 640. Kama petroli ya juu ina bei kubwa kwa asilimia 12, ni lazima tangi likufikishe kilomita 717 ndipo urudishe pesa yako. Ile asilimia 2.7 ya AAA inakupa 657. Umeongeza kilomita 17, ulihitaji 77. Anayelipa kwa ajili ya nguvu mlimani au usalama wa pistoni ana sababu zake. Anayelipa kwa ajili ya kilomita amepigwa.

Ukitaka kuthibitisha kwa gari lako mwenyewe, usiamini tangi moja. Upepo, foleni, mzigo na namna pampu ilivyokatika vinatosha kuyumbisha matokeo kwa asilimia 3 na zaidi. Tumia njia ileile, mzigo uleule, matairi yapimwe asubuhi yakiwa baridi. Jaza pampu ileile, gari likitazama upande uleule, na simama pampu inapokatika mara ya kwanza, usiongezee. Andika kilomita na lita. Jaza matangi manne ya 91, manne ya 95, kisha rudi manne ya 91, na kila unapobadilisha, tangi la kwanza usilihesabu. Sababu ni kwamba lita 20 za 91 zilizobaki chini ukizijazia lita 60 za 95 unapata 94, na kompyuta nayo bado inajifunza. Kama 91 ya mwanzo na 91 ya mwisho hazilingani, kuna kilichobadilika kwenye gari au kwenye safari, na jaribio lote ni bure.

Mwenye skana ana njia fupi. Chagua mlima mmoja, gia moja, injini kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, mafuta hadi mwisho, na rekodi taimingi ya cheche pamoja na kiasi inachorudishwa nyuma na sensa ya kugonga. Fanya hivyo kwa 91, kisha kwa 95 tangi la pili, saa ileile ya siku ili joto lisikudanganye. Taimingi ikisogea mbele kwa nyuzi 3 au 4, injini yako inaijua ile 95 na inaitumia. Ikibaki palepale, rudi kwenye 91 jioni hiyohiyo.

Maswali sasa. Wenye tabo mtangulie, maana yenu ndiyo marefu.